Walivyofukua ndizi za rubisi ya posa yangu wakitafuta silaha, na mimi ndiye niliyewafundisha kuchimba

Wakuu, salamu kwenu nyote, mlioko kazini na mnaojifanya mko kazini.

Kisa hiki ni changu mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Nimebadilisha majina tu, na kijiji sitakitaja. Mke wangu anasoma humu na ameniambia nikiongeza chumvi atakuja kunisahihisha kwenye comments. Kwa hiyo leo hamtapigwa fix.

Mimi ni mtu wa Bukoba, nimepanga Kashai, na nina stationery ndogo pale Miembeni. Photocopy, passport size, kutype barua. Nje ya duka kuna benchi moja refu, na benchi hilo ndilo lililoniponza.

Wakati huo nilikuwa namchumbia Koku, mwalimu wa chekechea, kwao Muleba. Baba yake ni mwalimu mstaafu, kila mtu anamwita Mwalimu tu, hata wale aliowachapa. Tulishapangiwa siku ya posa mara moja nikaahirisha kwa sababu nilikuwa naumwa. Mwalimu hakupenda. Akanipa Jumamosi nyingine na akasema kwa mdomo wake, mbele ya watu, kwamba hiyo ikipita hatapanga siku ya tatu.

Na alikuwa na sharti moja. Rubisi.

Kwa wasiojua, rubisi ni pombe yetu ya ndizi. Mwalimu hakutaka kreti za bia wala rubisi ya kununua kilabuni. Alitaka iliyotoka kwenye shamba la ukoo wangu, imekandwa na ndugu zangu. Anasema ukiionja unajua unampeleka binti kwa watu wa namna gani.

Sasa rubisi ina taratibu zake. Unachimba shimo, unawasha moto ndani mpaka udongo upate joto, unatandika majani ya mgomba, unapanga mikungu ya mbile, zile ndizi zetu za pombe, unafunika kwa majani na udongo. Unaiacha kama siku tano. Katikati hapo hufungui. Ukifungua joto linatoka, ndizi zinadumaa, na hata uzikande kwa miguu ya ukoo mzima hazitoi kitu.

Kazi hiyo alikabidhiwa baba yangu mdogo, Ta Rwega, huko maeneo ya Izimbya kwenye shamba letu. Tukakubaliana afukie Jumapili, afukue Alhamisi, akande siku hiyo hiyo, Jumamosi asubuhi twende Muleba na vibuyu vyetu.

Wiki mbili kabla ya Jumamosi hiyo ndipo likatokea lile shambulio la kigaidi nchi ya jirani.

Sitaingia undani. Watu walikufa. Lakini pale kwenye benchi, wakuu, kufikia siku ya pili hakuna aliyekuwa anazungumzia waliokufa. Tulikuwa tunazungumzia nani yuko nyuma yake.

Kulikuwa na jamaa anauza vifaa vya umeme, yeye alisema ni wauza kamera za ulinzi. Mwingine akasema halikutokea kabisa, ni video ya zamani imegeuzwa, kushoto imewekwa kulia. Kuna mzee mmoja alishika msimamo kwamba lengo lote ni kushusha bei ya kahawa ya Kagera. Tulimuuliza kivipi, akasema, "Subirini." Mpaka leo tunasubiri.

Na mimi? Mimi ndiye nilikuwa kinara. Nilikuwa na laptop, nina bando, na nina ule ugonjwa wa kutoshindwa hoja. Nilikuwa nachora mishale kwenye karatasi za A4 nikiunganisha matukio. Mtu akija kutoa copy ya cheti anaondoka na cheti pamoja na nadharia.

Rafiki yangu Idrisa ndiye alikuwa haongei sana. Ni fundi cherehani, duka lake linapakana na langu, Mwislamu wa pale pale mjini, swala tano. Siku moja akasema taratibu huku anatunga uzi kwenye sindano, "Mimi tangu lile jambo litokee nimepekuliwa mara nne. Juzi wamekunjua hadi kanzu ya mteja wakaikagua mifuko."

Nikaruka juu! Nikapiga benchi ngumi, nikasema mnaona? Hii ndiyo serikali kujipa madaraka yasiyo yake! Nikaandika hoja ya Idrisa kwenye karatasi yangu, nikaichorea mshale.

Idrisa akaniangalia, akaendelea kushona. Sikumuuliza walimpekulia wapi wala kama anahitaji mtu wa kumsindikiza kulalamika. Kumbukeni hapo.

Basi, likaja agizo kijijini kwetu. Kwenye habari ilisemekana wale magaidi walikuwa wamefukia silaha shambani. Kwa hiyo kwenye mkutano wa kijiji ikatangazwa kwamba kila aliyechimba shimo jipya aende ofisini aandikishe: shimo liko wapi, lina nini.

Mtendaji wetu wa kijiji alikuwa mgeni, kijana wa Lindi, mpole. Hakutunga agizo yeye, aliletewa. Watu wakaenda. Mwenye shimo la choo akaandikisha, mwenye shimo la mbolea akaandikisha, wenye mashimo ya ndizi nao wakaandikisha. Dakika mbili, unarudi nyumbani.

Jumatatu Ta Rwega naye alikuwa ameshavaa viatu aende. Akanipigia kwanza.

Wakuu, nilimkatalia! Nilimwambia baba mdogo, leo wanaandikisha mashimo, kesho watataka kujua umeweka viazi vingapi kwenye chungu. Hatuandikishi, hii ni principle. Akanijibu, "Waitu, mwanangu, ni ndizi tu hizi." Nikamwambia ndiyo maana hatuandikishi.

Mzee wa watu akavua viatu.

Sikuishia hapo. Kuna group la WhatsApp la kijiji, na sisi tulioko mjini tumo. Nikaandika ujumbe mrefu kama risala. Nilikuwa najivunia ule ujumbe jamani, niliu-edit mara tatu. Nakumbuka mstari huu neno kwa neno: "Ndugu zangu, msikubali mnachoonyeshwa juu, ukweli siku zote umefichwa chini yake. Na mkikosa ushahidi, jueni umeondolewa. Na taarifa yenye mhuri ndiyo ya kwanza kutiliwa shaka."

Nikapata vidole gumba hamsini na kitu. Nikalala kwa amani.

Jumanne, saa nne asubuhi, simu. Ta Rwega. "Mugisha, njoo. Wanafukua."

Nilifunga duka nikiwa na mteja ndani. Nikamtoa, nikachukua bodaboda, nikamwambia kimbiza, nikifa utasamehewa.

Nafika nakuta nusu ya kijiji shambani kwetu. Kumbe jirani yetu Muganyizi ndiye aliyepeleka habari. Alihesabu mashimo yaliyoandikishwa akaona letu peke yake halimo. Na kweli halikuwamo, nani angemlaumu?

Lakini wakuu, Muganyizi huyo mwenyewe ana shimo la ndizi! Liko hatua thelathini kutoka letu! Amekunywa rubisi yetu tangu ajue kunywa. Nikamwambia, "Muganyizi, wewe unajua kabisa ni ndizi."

Akasema, "La kwangu najua ni ndizi. La kwako lina udongo mwingi."

Wenzake wakaitikia kwa vichwa. Wakaanza kulinganisha vichuguu vya udongo. Mama mmoja aliyenibeba mgongoni nikiwa mdogo akasema hata yeye alishangaa moshi wa Jumapili, ulikuwa unakwenda upande mmoja. Upepo, mama! Upepo ndio uliokuwa unakwenda upande mmoja!

Wakaondoa udongo. Wakaondoa majani. Zikatokea ndizi, mikungu yangu ya mbile, imepangwa vizuri, bado ina joto. Siku ya tatu tu hiyo. Nilitaka kulia kabisa, sioni aibu kusema.

Mtendaji akashusha pumzi. "Jamani, ni ndizi. Tumalize."

Nikasema asante Mungu, rudisheni majani haraka joto lisitoke, labda tutaokoa.

Hapo ndipo Muganyizi akatoa simu mfukoni. Akatafuta, akavaa miwani, akasoma kwa sauti ya kanisani, "Msikubali mnachoonyeshwa juu. Ukweli siku zote umefichwa chini yake." Akaniangalia. "Haya ni maneno yako au si yako?"

Nikasema ni yangu, lakini...

"Basi ndizi ziko juu," akasema. "Tuchimbe."

Wakachimba! Mikungu ikatolewa ikatupwa pembeni, watu wakaikanyaga. Nilipiga kelele mpaka sauti ikakauka. Kadiri nilivyokataa ndivyo walivyochimba kwa bidii, maana sasa walikuwa na sababu: mbona anapiga kelele? Nikanyamaza. Wakasema, mbona amenyamaza?

Nikamvuta mtendaji pembeni nikamwambia wewe ndiye serikali hapa, wazuie. Yule kijana wa Lindi akaninong'oneza, "Kaka, nikiwazuia watasema nimepewa kitu kidogo. Umewaambia wasiamini mhuri. Mimi nina mhuri tu, sina kitu kingine."

Shimo la kuivisha ndizi halifiki hata kiunoni. Wao walifika mahali mchimbaji haonekani. Kisha jembe likagonga jiwe. Mtu akasema, "Mfuniko."

Lilikuwa jiwe, wakuu. Sisi wa huko tunajua ardhi yetu ina mawe. Walilizunguka jiwe hilo kwa saa nzima wakitafuta mpini wake.

Mwisho walichoka wakaenda kula. Mikungu mitatu ilipelekwa ofisini kama kielelezo, ikafungwa nje ya ofisi, na mbuzi akaila yote. Jioni kwenye group nikasoma: "Ushahidi umeondolewa." Vidole gumba sitini.

Nikampigia Koku nikamweleza. Koku alicheka kwanza, halafu akaanza kulia, halafu akasema ngoja nimwambie baba. Baada ya muda akanipigia. Sauti imebadilika.

"Baba anasema hukuwa na rubisi."

"Anasemaje?"

"Anasema hukuwa nayo tangu mwanzo. Umetengeneza hili jambo la ugaidi ili upate sababu ya kuahirisha."

Nilikaa chini kwenye ule udongo. Yaani mimi, mtaalamu wa kuunganisha matukio, nimeunganishwa.

Nikafanya jambo ambalo wiki moja kabla ningemcheka mtu. Nilikwenda ofisi ya kijiji na heshima zote nikaomba barua. Yenye nembo, yenye sahihi, yenye mhuri, ya kuthibitisha kwamba kweli tulikuwa na ndizi na kweli zimefukuliwa. Nikamwomba mtendaji apige mihuri miwili. Alipiga miwili, maskini, na mmoja aliurudia uonekane vizuri.

Ijumaa tukaenda Muleba, mimi na Idrisa. Idrisa ndiye alikuwa mshenga wangu. Najua mtauliza inakuwaje Mwislamu safi anapeleka habari za rubisi. Yeye mwenyewe alisema, "Mimi siinywi, kwa hiyo siwezi kudanganya kwa ajili yake."

Njiani tukasimamishwa kwenye kizuizi. Tulikuwa ndani ya gari dogo la abiria, watu wanne.

Aliyeshushwa ni Idrisa.

Peke yake. Kofia yake, ndevu zake, ndilo kosa. Wakamwaga begi lake chini: futi ya kupimia, mkasi, chaki, nguo yake ya kubadilisha. Wakamuuliza maswali yale yale mara mbili. Mimi nimekaa kwenye kiti na barua mfukoni inayosema kwa maandishi kwamba nilishukiwa kuficha silaha, na hakuna aliyeniangalia hata usoni.

Nilitaka kushuka niseme kitu. Sikushuka. Niliogopa tungechelewa kwa Mwalimu. Mtu wa ngumi za benchi mimi, nilikaa kimya.

Idrisa akarudi, akakunja nguo yake upya, akasema, "Ya tano." Basi.

Sebuleni kwa Mwalimu tulikaribishwa kahawa ya kutafuna, zile punje kavu za kwetu, na maji. Nikatoa barua kwa mikono miwili. Akaisoma. Akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Akasema, "Mhuri wako unaonekana mno. Nimefanya kazi serikalini miaka yangu yote, mhuri wa kweli hauonekani."

Nikasema, "Samahani Mwalimu, mtendaji aliurudia ili..."

Akatoa karatasi yake kutoka kwenye Biblia. Ujumbe wangu, wakuu. Alikuwa ameunakili kwa mkono kutoka simu ya Koku, na alikuwa ameusahihisha kwa kalamu nyekundu. Kwenye ule mstari wa mhuri alikuwa ameweka alama ya vema.

"Hapa nilikubaliana na wewe," akasema. "Sasa unataka niamini kipi? Wewe wa Jumatatu au wewe wa leo?"

Nilijitetea jamani. Nilieleza udongo, moshi, jiwe, mbuzi. Nilikuwa najisikia mwenyewe naona ni uongo. Kila nilichosema kilikuwa kweli na hakuna hata kimoja kilichosikika kama kweli.

Koku alikuwa amesimama mlangoni anatazama sakafu. Nikaona nampoteza hivi hivi, kwa mdomo wangu mwenyewe.

Idrisa akaomba ruhusa ya kusema. "Mzee, leo asubuhi nimeshushwa kwenye gari nikamwagiwa begi, na sijafanya kitu. Huyu naye hajafanya kitu. Tofauti yetu ni kwamba yeye alijitafutia kwa kelele, mimi nilikuwa nimekaa tu."

Mwalimu akamwambia Koku amletee Idrisa maji mengine. Kisha akanigeukia.

"Hilo shambulio umelijadili wiki mbili. Walikufa watu wangapi?"

Nikafungua mdomo. Wakuu, nilikuwa najua kamera zinatengenezwa wapi. Nilikuwa najua kivuli kwenye video kimeelekea wapi. Bei ya kahawa nilikuwa naijua ya miaka mitatu.

Nikasema, "Sijui, Mwalimu."

"Jina la mmoja wao?"

"Sijui."

Akakunja ile karatasi yake akairudisha kwenye Biblia. "Hilo ndilo neno la kwanza kutoka kwako ninaloliamini," akasema. "Nenda ukafukie ndizi nyingine. Na shimo ukaliandikishe wewe mwenyewe, siyo baba yako mdogo. Ukimaliza, Koku aniambie, nitapanga siku."

Tulipotoka nje nilimwambia Idrisa naomba msamaha kwa kule kizuizini. Akasema, "Uliniandika kwenye karatasi yako lakini hukushuka." Hakusema kwa hasira. Ningependelea angekuwa na hasira.

Nilikwenda kuandikisha shimo. Daftari likafunguliwa. Liko wapi: shambani kwa Ta Rwega. Lina nini: ndizi. Dakika mbili, kama walivyosema wengine.

Na kabla ya kutoka nikamwomba mtendaji anielekeze malalamiko ya kupekuliwa hovyo yanapelekwa wapi, maana kuandika barua ndiyo kazi yangu. Niliandika ya Idrisa, yeye mwenyewe akaisahihisha, tukaipeleka pamoja, na tukarudi tena kufuatilia, na tena. Safari ya tatu tukajibiwa. Siwezi kusema dunia imebadilika. Ila pale kizuizini siku hizi mkisimamishwa mnashushwa wote, na mimi nashuka wa kwanza.

Posa ilifanyika. Mwalimu alipewa kibuyu, akavuta kwa mrija, akafumba macho.

Mwalimu akasema, "Ile habari ya mbuzi bado siiamini." Akavuta tena. "Lakini rubisi ni ya kwenu. Mletee binti yangu kiti akae."

Nilichojifunza, na hii natoa bila kuchorea mishale: serikali kuzidisha mambo lipo, msije mkasema nimenunuliwa. Lipo, lilimwagwa chini mbele ya macho yangu pamoja na mkasi na chaki. Mimi sikuliona kwa sababu nilikuwa nimeshughulika kulinda shimo.

Lile shimo kubwa tulilifukia mwezi uliofuata. Tulikuwa tunamalizia kusawazisha udongo, Muganyizi akapita, akasimama, akaangalia kwa muda.

"Mbona mmelifukia haraka hivyo?"

Haya wakuu, uwanja ni wenu. Kama nawe uliwahi kushindwa na maneno yako mwenyewe, weka hapa tukusome. Na yule atakayeandika kwamba uzi huu nimetumwa, nakuomba kitu kimoja tu: usije kwetu na jembe.